Treni Katika Daftari la Warda

Jumatatu, tarehe 11 Agosti, mwaka 2025, ilikuwa siku ya bamvua. Hizo ni siku chache ambazo maji hupwa sana, nasi wakulima wa mwani huingia shambani. Shamba langu si la udongo. Ni kamba ishirini na tano, zimefungwa kwenye vigingi mchangani, mahali ambapo bahari hurudi nyuma. Maji yakitoka tunaingia, yakijaa tunatoka. Hakuna kuomba ruhusa ya kupumzika.

Nilirudi nyumbani saa saba mchana. Gunia la mwani mbichi lilikuwa kichwani, na nguo zilikuwa zimelowa hadi kifuani. Nilitua gunia uani, nikalala chali juu ya jamvi. Ndivyo nifanyavyo kila nirudipo, kwa sababu mgongo wangu hukataa kukaa. Nikiwa pale chini ndipo nilipomwona binti yangu, Warda. Alikuwa amejibanza nyuma ya pipa la maji, na sare za shule mwilini.

"Warda, mbona uko hapa saa hizi?"

"Sirudi tena, mama."

"Hurudi wapi?"

"Shule. Nitafunga mwani na wewe. Kufunga najua."

Alisema hivyo, kisha akaja kunivua viatu vya pwani, kama kawaida yake. Hakulia. Ningependa kama angelia, maana kilio huisha.

Mimi naitwa Biubwa. Tunaishi karibu na Utende, hapa kisiwani Mafia. Mume wangu, Shamte, yuko dago, yaani kwenye kambi ya wavuvi, na hukaa huko miezi. Kwa hiyo mambo ya shule ni yangu peke yangu. Mimi mwenyewe niliacha shule nikiwa darasa la pili. Sasa nimejiunga na kisomo cha watu wazima, kila Jumatano alasiri. Warda ana miaka kumi na yuko darasa la nne.

Lazima niseme ukweli: kosa lilianza kwangu.

Warda ana mwandiko mzuri. Akiambiwa anakili maneno ya ubaoni, hunakili bila kuacha hata nukta. Lakini akiambiwa aandike jambo lake mwenyewe, huandika kichwa cha habari, hukipigia mstari mara mbili, na hapo huishia. Ukurasa hubaki mweupe. Mwezi wa Julai, kwenye kikao cha wazazi, tuliambiwa kwamba mwaka huu watoto wa darasa la nne watapimwa, na wataandika insha. Nilirudi nyumbani na hofu.

Nilimweleza jirani yangu, Chiku, ambaye tunafunga mwani pamoja. Chiku akacheka.

"Hilo ndilo linalokunyima usingizi, shoga? Ngoja."

Aliingia kwake, akatoka na daftari la zamani la binti yake aliyeko sekondari. Ndani yake kulikuwa na insha moja yenye alama nyingi. Iliitwa "Safari Yetu ya Treni".

"Mkaririshe hii," Chiku akasema. "Wakimuuliza lolote, aandike hii. Nani atajua?"

Basi nikamkaririsha. Kila alasiri, kwa wiki mbili, tulikaa uani tukifunga mbegu za mwani, yaani vipande vyake vibichi, kwenye kamba. Warda alisema kwa moyo: "Treni ilipiga honi ndefu. Abiria walipunga mikono kwa furaha." Mimi nilifuatisha daftarini kwa kidole, nikijisifu moyoni kwamba sasa naweza kusoma. Akikosea neno moja, nilimrudisha mwanzo. Sikumuuliza hata mara moja kama anajua treni ni kitu gani. Warda hajawahi kuvuka bahari. Hapa kwetu hakuna hata kipande cha reli.

Jumatatu ile, mwalimu wao aliwaambia waandike kuhusu kazi za nyumbani kwao. Warda aliandika treni. Alijaza ukurasa mzima, haraka kuliko wote. Mwalimu, alipoona ukurasa umejaa, akafurahi na kumsimamisha asome mbele ya wenzake. Alipofika kwenye honi, darasa lote lilikuwa limelala juu ya madawati kwa kicheko. Wakati wa mapumziko hali ilizidi. Walijipanga mstari nyuma yake, wakishikana mabega na kupuliza, "Puu! Puu!" Mmoja wao, Haruni, akamuuliza, "Treni yenu mnaifunga wapi, Warda? Kwenye mikoko?" Mwingine akaita, kana kwamba mji wetu ni stesheni, "Shukeni, tumefika Kilindoni!"

Warda akachukua mkoba wake akarudi nyumbani.

Kesho yake nilimwambia avae sare. Alivaa. Nilipofika pwani niligeuka nyuma, nikamwona ananifuata, na sare zake zimekunjwa ndani ya mkoba. Nilikuwa nimechoka hata kabla ya kazi kuanza. Sikuwa na nguvu za kugombana.

"Mwache akusaidie," Chiku akasema. "Mgongo wako huo umekwisha kazi. Na vidole vya mtoto ni vyepesi."

Ni kweli, vidole vya Warda ni vyepesi. Kamba ambayo hunichosha mimi, yeye aliimaliza akiwa bado ananong'ona wimbo. Jumanne ikapita hivyo, na Jumatano, na Alhamisi. Nilirudi nyumbani nikiwa bado naweza kusimama na kupika. Naandika jambo hili kwa aibu, lakini naliandika: nilifurahi. Nilijiambia kwamba atarudi shule wiki ijayo. Mama yangu naye alijiambia hivyo hivyo juu yangu, miaka ile.

Kilichoniamsha ni kisomo. Jumatano ya wiki hiyo hiyo, alasiri, mwezeshaji wetu alitaka kila mmoja aandike sentensi mbili kuhusu siku yake. Siku zote tulikuwa tukinakili tu. Niliandika kichwa cha habari, "Siku Yangu". Nikakipigia mstari. Nikapiga mstari wa pili. Kisha nikakaa, na kalamu mkononi, mpaka wenzangu wakaanza kukusanya madaftari. Nilikuwa nimekaa ndani ya maji tangu asubuhi, binti yangu ameacha shule, mgongo unawaka moto, na sikuwa na neno hata moja la kuandika.

Ijumaa asubuhi nilivaa kanga kavu nikaenda shuleni. Nilikwenda kugombana.

Mwalimu wa Warda anaitwa Tumaini. Ni msichana mdogo, mgeni wa kisiwa chetu, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kufundisha. Nilimkuta kwenye ngazi ya darasa, ana rundo la madaftari mapajani, na chaki imejaa kwenye mikono ya gauni.

"Shikamoo, mama Warda."

"Marahaba," nikajibu bila kumtazama usoni. "Nimekuja kuuliza. Mwanangu amekosa nini mpaka achekwe na darasa zima?"

Aliweka madaftari chini.

"Hakukosa, mama. Nilikosa mimi. Nilimsimamisha asome kabla sijaisoma insha yake. Wako sitini na wanne. Nilikuwa nimechoka, nikafanya haraka. Nimemtuma mtoto mara mbili aje kwenu kumwita. Hakufika?"

"Sijapata habari yoyote."

"Basi Warda ameificha." Akanisogezea nafasi kwenye ngazi. "Lakini, mama, ile treni imetoka wapi?"

Nilitazama vidole vyangu, vilivyokwaruzwa na kamba.

"Kwangu," nikasema. "Nilimkaririsha mimi."

"Mwaka jana treni ile ile ilipita darasani kwangu mara tatu," Mwalimu Tumaini akasema. "Kila ikipita, abiria wanapunga mikono."

Sikutaka kucheka, lakini nilicheka. Naye akacheka, na sauti yake ikakatika, akakohoa. Nikakaa kwenye ngazi kando yake.

"Kosa si lako peke yako," akaendelea. "Sisi walimu humpa mtoto karatasi tupu, tukamwambia andika. Hatumwonyeshi insha inavyotengenezwa. Huona tu insha iliyokwisha. Ni kama kumwonyesha mtu mkeka uliomalizika, kisha umwambie naye asuke. Atafanya nini? Ataazima wa jirani. Wiki hii nimeamua kubadilisha. Jumatatu tutaandika insha moja, darasa zima. Watoto watasema, mimi nitaandika ubaoni."

"Watoto sitini na wanne, insha moja? Si ndiko kuibiana huko? Sisi tulifundishwa kufunika daftari kwa mkono."

"Siku ya mtihani, kila mtu na lake. Jumatatu hatupimi, tunafundisha. Hebu niambie, mama, wewe ulijifunzaje kufunga mwani?"

"Nilikaa na wenzangu. Chiku alishika ncha moja ya kamba, mimi nikashika ncha nyingine. Nilikuwa namtazama mikono."

"Kuna aliyekuambia umemwibia?"

Kisha akaniomba nimlete Warda Jumatatu, na mimi nikae nyuma nitazame. Nilihesabu siku kichwani. Jumatatu yangekuwa maji mafu, bahari haipwi vya kutosha, hakuna kazi pwani. Sikuwa na kisingizio.

Kumshawishi Warda ilikuwa kazi kuliko kamba ishirini na tano.

"Watanicheka."

"Nitakuwa nimekaa nyuma."

"Utakaa mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Hutasinzia?"

"Nitajaribu," nikasema, na hapo ndipo alipokwenda kuchukua sare.

Jumatatu, tarehe 18, nilikaa kwenye dawati la mwisho. Magoti yangu hayakuingia chini yake, nikakaa upande. Watoto walianza kunong'ona, "Puu." Mwalimu Tumaini hakupiga kelele, wala hakushika fimbo.

"Wiki iliyopita," akasema, "nilimkosea Warda. Nilimsomesha mbele yenu insha ambayo haikuwa yake. Sasa naomba ukweli. Nani mwingine humu amewahi kukariri insha ya mtu?"

Mkono mmoja ukainuka. Ikafuata mitano, kumi, mpaka nikashindwa kuhesabu. Na mkono wa Haruni ulikuwa humo.

"Haruni, yako ilikuwa ya nini?"

"Ya ndege, mwalimu."

"Uliwahi kupanda ndege?"

"Huwa naiona inapotua."

Walicheka wote, na Warda akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile.

"Leo tunaandika insha moja, sote," mwalimu akasema. "Mimi ni mkono wenu tu. Tutaandika siku ya kazi ya mwani. Tuanze na nini?"

Msichana mmoja wa mbele, Faraja, akasimama wima. "Mwani ni zao muhimu sana katika nchi yetu."

Mwalimu akaandika ubaoni, neno kwa neno. "Sentensi yako haina kosa, Faraja. Nani aliwahi kumsikia mama yake akiamka na kusema hivyo?"

Darasa likavunjika mbavu.

"Mama yako husema nini?"

"Husema, 'Amkeni, maji yametoka!'"

"Tuanze na ipi?"

"Hiyo ya pili!" wakajibu kwa sauti moja. Sentensi ya kwanza ikapigwa mstari. Haikufutwa, ilipigwa mstari tu, ili waone kwamba kubadilisha si aibu.

Wakaendelea. Haruni akasema, "Mama anaanika mwani." Mwalimu akauliza, "Na kabla hajaanika?" Mmoja akasema anaukata, mwingine akabisha kwamba mwani haukatwi. Waligombana kweli kweli. Mwalimu akanigeukia.

"Mama Warda, mimi si mwenyeji. Tusaidie. Ipi ni sahihi?"

Nikasimama. "Tunafungua kamba nzima kutoka kwenye vigingi," nikasema. "Mwani tunauchomoa tukiwa nchi kavu."

"Asante," akasema, na kuyaandika maneno yangu ubaoni. Katika maisha yangu sikuwahi kuulizwa swali darasani nikawa ninajua jibu.

"Sasa mama amefika nyumbani. Anafanya nini?"

"Anapika," akasema mmoja.

"Anafurahi," akasema mwingine.

Ndipo nilipouona mkono wa Warda. Ulikuwa chini, kiwiko bado kimegusa dawati.

"Hapiki kwanza," akasema. "Analala chini."

"Wapi?"

"Uani, kwenye jamvi. Analala chali. Hawezi kukaa. Mimi namvua viatu."

Hakuna aliyecheka. Haruni akasema polepole, "Bibi yangu pia."

Chaki ikalia ubaoni: *Mama hapiki kwanza. Analala chali kwenye jamvi. Mtoto wake anamvua viatu.*

"Niongeze hapo kwamba mama amechoka?" mwalimu akauliza.

"Usiongeze," Faraja akasema. "Imeshaonekana."

Niliyasoma yale maneno peke yangu, taratibu, kidole changu kikitembea hewani. Kwa miaka yote nilidhani hakuna anayeona. Mtoto aliyekaa kando yangu aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia ni vumbi la chaki.

Baadaye waliisoma insha yote kwa sauti. Wakasikia kwamba wametumia "halafu" mara saba, wakaondoa tano. Wakaona sehemu moja imekuja kabla ya wakati wake, wakaihamisha. Ubao ulijaa mistari na mishale, lakini kila mtoto alijua kwa nini mstari huu umewekwa na ule umeondolewa.

Wakati wa mapumziko Mwalimu Tumaini alinieleza yaliyobaki. Kesho yake watoto wangekaa wanne wanne, kalamu moja, waandike insha nyingine kwa njia hiyo hiyo. Baada ya hapo kila mmoja angeandika yake.

"Nyumbani nifanye nini?" nikamuuliza. "Mimi kusoma kwenyewe najikongoja."

"Huhitaji kujua mengi. Muulize tu. Kilitokea nini leo? Nani alikuwepo? Ulisikia nini? Kisha? Akishasema, ndipo aandike. Akimaliza, asome mwenyewe kwa sauti, makosa mengi atayasikia. Na usimsahihishe yote kwa siku moja, mama. Mawili yanatosha. Ukimjazia wino mwekundu, atarudi kuazima treni."

Tulifanya hivyo. Sikudanganyi, haikuwa rahisi. Siku za bamvua nilikuwa nauliza "Kisha?" huku macho yamefumba, na Warda akinitikisa mguu, "Mama, unasikiliza?" Siku nyingine aliandika mistari miwili tu. Siku nyingine alirarua karatasi. Chiku alipita, akatukuta tunafunga mbegu na kuulizana maswali.

"Leo treni haisafiri?" akauliza.

"Imeharibika, Bi Chiku," Warda akajibu. "Chukua daftari lako. Halafu kaa hapa utuambie, siku ile ulipotumbukia kwenye shimo la pwezi, ulisikia nini kwanza?"

"Ushindwe!" Chiku akasema. Lakini alikaa, na alisimulia mpaka tukashika mbavu.

Kwenye kisomo nako nilimwomba mwezeshaji wetu tujaribu. Tulikuwa wanawake tisa. Tulisema, tukabishana, yeye akaandika. Ukurasa wetu wa kwanza ulikuwa na sentensi kumi na moja, na zote zilikuwa zetu. Hata hadithi hii niliisimulia kwanza mbele yao. Wao ndio walioniambia nisifiche kwamba nilifurahi siku zile tatu Warda aliponisaidia pwani.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba, ilikuwa tena bamvua. Nilirudi, nikatua gunia, nikalala kwenye jamvi. Mgongo wangu ni ule ule, na kamba hazijapungua hata moja. Warda alitoka shule kwa wakati wake, akanivua viatu, kisha akaniwekea karatasi mkononi. Wiki hiyo kila mtoto aliandika peke yake, karatasi imefunikwa kwa mkono. Alikuwa amepata alama saba kwa kumi. Nikaiinua karatasi juu ya uso wangu nikasoma, nikipumzika kila baada ya mstari:

*Mama yangu alikuja shule. Alikaa dawati la nyuma. Magoti yake hayakuingia. Mwalimu alimuuliza swali, akasimama akajibu. Baadaye alifuta macho kwa kanga. Alisema ni vumbi la chaki. Tukirudi nyumbani alinishika mkono. Mimi ni mkubwa lakini sikuutoa.*

Nilimaliza, nikaanza tena. Kisha nikasema, "Lakini, Warda, lilikuwa vumbi la chaki kweli."

"Hapana, mama," akajibu, akikung'uta mchanga kwenye viatu vyangu. "Mwalimu alikuwa hajafuta ubao."

Wewe uliyesoma mpaka hapa, karatasi hizi usizifungie vitumbua. Mpelekee mzazi mwingine mwenye mtoto ambaye ukurasa wake hubaki mweupe. Kama hajui kusoma, kaa naye umsomee. Naye akishasikia, muulize mtoto wake alifanya nini leo, kisha mnyamaze wote wawili, mumsikilize.